M-Pesa na umaskini: ni hesabu ya nani?

Mwaka 2016, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Tavneet Suri wa MIT na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walikadiria kwamba M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, ilikuwa imezitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote nchini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea shamba wakaingia kwenye biashara. Mwaka 2019, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliwajibu katika Review of African Political Economy, wakisema hitimisho hilo halisimami.

Nimekuwa nikiurudia ubishi huu kwa sababu unawagusa watu ninaonunua kwao mboga kila jioni.

Upande wa Suri na Jack una nguzo moja ambayo sijaona aliyeitikisa. Katika utafiti wao wa awali, wa 2014, walionyesha kwamba kaya isiyo na M-Pesa ikipigwa na balaa kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kwa takriban asilimia 7, ilhali ya watumiaji hayatikisiki. Hilo tunalijua kwa macho. Mtoto akishikwa na homa kijijini usiku, ndugu aliye Nairobi anatuma pesa kabla hawajafika hospitalini. Zamani angezitia kwenye bahasha, ampe dereva wa basi, kisha aombe Mungu.

Kutoka hapo hadi kuhesabu waliotoka kwenye umaskini ni safari ndefu zaidi. Watafiti hawakulinganisha tu wenye M-Pesa na wasio nayo, maana wenye nayo walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Walitazama jinsi mawakala walivyoongezeka karibu na kila kaya. Ni njia ya akili. Lakini wakala naye ni mfanyabiashara: hufungua kibanda palipo na pesa au panapoelekea kuwa nazo. Suri na Jack walilijua hilo na wakajitahidi kuonyesha kwamba halikuharibu matokeo. Mimi bado nina shaka kiasi.

Wakosoaji nao wana hoja za uzito tofauti. Ile ya kwamba faida huishia kwa wenye hisa wa nje, wakiwemo Vodafone wa Uingereza, ni hoja ya umiliki; haituambii kama kaya ilikula. Tena wakati ule serikali ya Kenya yenyewe ilishika asilimia 35 ya Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa. Hoja yao nzito ni ya soko. Mama mboga wa tatu akipanga nyanya zake kwenye kona iliyokuwa na wawili, utafiti humhesabu kama mwanamke aliyeingia kwenye biashara. Wateja ni walewale. Nani anamhesabu wa kwanza anayerudi nyumbani na nusu ya mauzo, au yule atakayefunga mwakani?

Halafu kuna deni. M-Shwari, huduma ya mikopo inayopitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012, ada ya mkopo wa mwezi mmoja ilikuwa asilimia 7.5. Aliyekopa kila mwezi alilipa asilimia 90 kwa mwaka. Chukua daftari la kawaida la kibandani: nyanya 1,200, vitunguu 600, nauli na mifuko 200. Mtaji ni 2,000, wote wa mkopo. Jioni mauzo yanaandikwa, yanatolewa 2,000, kinachobaki kinaitwa faida. Ada ya 150 haimo daftarini, kwa sababu hulipwa kwa simu, na simu hiyohiyo ndiyo iliyotuma karo asubuhi. Ukimuuliza mwenye kibanda amepata kiasi gani, atakujibu kwa uaminifu, na jibu lake litakuwa limezidi.

Hapo ndipo naona pande zote mbili zimepungukiwa. Dodoso la kaya linalorudi baada ya miaka halinasi ada hiyo, na mkosoaji asiyekwenda kibandani hawezi kusema inakula kiasi gani. Njia ya kuipata ipo. Mwaka 2012 na 2013, FSD Kenya, shirika linalokuza huduma za fedha, ilifuatilia takriban kaya 300 za kipato cha chini, ikiandika pesa zinazoingia na kutoka. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa uhasibu wanaotafuta mada za tasnifu, nao wanapita mbele ya vibanda hivyo kila siku wakienda darasani. Wakae na daftari la mama mboga miezi 12, waandike kila ada inapolipwa kwa simu, na wamfuate pia yule aliyefunga.