Stoo za silaha zinakauka na bili inatufikia mpaka huku

Kila vita ikianza huku mitandaoni tunabishana nani mbabe, nani ana ndege kali, nani manowari yake ni kubwa, halafu swali ambalo kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote halina wa kuliuliza: wakishazifyatua hizo silaha, nyingine zinatoka wapi, zinafika lini, na kwa hela ya nani?

Chukua Bahari ya Shamu, jirani yetu kabisa, ukipandisha pwani ya Somalia ukazunguka ile pembe umefika. Tarehe 19 Oktoba 2023 manowari ya Marekani, USS Carney, ilidungua makombora na droni (ndege zisizo na rubani) za Wahouthi, kundi la wapiganaji la Yemen, mwezi uliofuata Wahouthi wakaiteka meli ya Galaxy Leader, na toka hapo ikawa kila wiki kuna jipya. Sasa droni za namna ile zinakadiriwa kuanzia dola elfu chache mpaka makumi ya maelfu, yaani nyingine haizidi bei ya Vitz ya mtumba pale yadi. Kombora la SM-2 la kuidungulia ni kama dola milioni 2. Na kapteni wa meli hana nafasi ya kupiga mahesabu, ana mabaharia zaidi ya 300 ndani na dakika chache za kuamua, mara nyingine wanarusha mawili kwa shabaha moja ili wawe na uhakika. Aprili 2024 Carlos Del Toro, waziri wao wa jeshi la majini kipindi hicho, aliwaambia maseneta kwamba silaha walizotumia kwenye mapambano ya eneo lile zinakaribia dola bilioni 1. Hapo hujaweka mafuta, mishahara, wala zile droni zao kubwa za MQ-9, kila moja kama dola milioni 30, ambazo Wahouthi wameangusha kadhaa.

Watu wengi wakisikia hivyo wanasema Marekani ina hela bwana, itachapisha nyingine. Hela anazo, kweli. Asichonacho ni muda, na hapa ndo naomba tutulie kidogo. Manowari kama ile makombora yake yanakaa kwenye matundu yamesimama wima chini ya deki, matundu kama tisini, na yakishatumika kwa kawaida huwezi kuyajaza ukiwa katikati ya bahari, inabidi meli iondoke vitani irudi bandarini, winchi inyanyue kombora moja moja na kulishusha taratibu kwenye tundu lake. Na hilo kombora jipya kiwandani halitoki kama mkate, toka oda isainiwe mpaka lifike mara nyingi ni miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo anayerusha droni za bei chee hata zikidunguliwa zote bado kuna kitu amekipata, amekula stoo ya mwenzake.

Ukraine ndo ilifungua watu macho. Stinger, yale makombora ya kubeba begani, zilipelekwa kwa wingi mwaka 2022, kumbe kiwandani uzalishaji ulikuwa umeshafifia na teknolojia yenyewe ni ya miaka ya themanini, ikabidi kampuni ya Raytheon iwarudishe wafanyakazi waliokwisha kustaafu, wazee wa miaka sabini na kitu, waje kuwaonyesha vijana zinaundwaje. Nchi inayotumia hela nyingi za kijeshi kuliko zote duniani. Baruti ya TNT nayo Marekani iliacha kuitengeneza kwake mwaka 1986, ikawa inanunua nje, mpaka Novemba 2024 ndo wakasaini mkataba wa kujenga kiwanda kipya kule Kentucky. Risasi za mizinga za milimita 155 kabla ya vita walikuwa wanazalisha kama 14,000 kwa mwezi, wakati Ukraine kwenye siku za moto ilikuwa inaweza kuzimaliza kwa siku mbili tatu. Ulaya nayo ikaahidi risasi milioni 1 mpaka Machi 2024, tarehe ikafika wako kama nusu. Februari 2023 Jens Stoltenberg, katibu mkuu kipindi hicho wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, alishasema wazi kwamba Ukraine inatumia risasi kwa kasi mara nyingi zaidi ya ile ambayo wao wanazalisha.

Halafu ikaja Juni 2025, zile siku 12 za vita ya Israel na Iran. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba zaidi ya makombora 100 ya THAAD, yale ya Marekani ya kudungulia makombora mengine, yalitumika, na moja ni zaidi ya dola milioni 12. Mwezi uliofuata Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikasitisha kwa muda baadhi ya silaha zilizokuwa ziende Ukraine, sababu ni wasiwasi wa stoo yao wenyewe. Yaani kombora lililorushwa Mashariki ya Kati linakosekana Kyiv, ambako kuna raia wamelala kwenye handaki wakisubiri ulinzi. Hili linaniuma, kwa sababu anayekufa pale hakuulizwa na mtu.

Na sisi? Tusidanganyane kwamba ni mambo ya wazungu na waarabu. Februari 2024 Wahouthi waliipiga meli ya Rubymar iliyobeba mbolea, wafanyakazi wakaikimbia nanga ikiwa chini, ikaelea siku kadhaa ikiburuza nanga mpaka ikazama mwanzoni mwa Machi. Katika siku hizo nyaya tatu za intaneti zilikatika chini ya bahari, mmojawapo ni Seacom unaotuhudumia sisi, na Wamarekani walisema inaelekea ni ile nanga. Kuukarabati ikawa shida kwa sababu pale ni uwanja wa vita. Ndo maana Mei 12 mwaka huohuo, ile Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini, mlango wa pili wa kaskazini ulikuwa bado umefungwa, Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi. Nani asiyeikumbuka ile wiki, M-Pesa inasuasua, watu wa biashara za mtandaoni wameshika vichwa.

Misri wamepigwa vibaya zaidi, mapato ya Suez yalishuka kutoka dola bilioni 10 na kidogo mwaka 2023 mpaka karibu bilioni 4 mwaka 2024, na hawakurusha hata kombora moja. Mizigo ya Ulaya iliyokuwa inapita pale kuja Mombasa na Dar ikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku zinaongezeka, bima inapanda, na ya mwisho tunailipa dukani.

Lakini kilichonikasirisha kuliko vyote ni Februari 2025, Keir Starmer alipotangaza akiwa waziri mkuu kwamba Uingereza itaongeza bajeti ya ulinzi ifike asilimia 2.5 ya pato la taifa, na hela atazitoa kwenye misaada, kutoka asilimia 0.5 kwenda 0.3 ifikapo 2027. Hakuficha, alisema kabisa hela inatoka wapi. Waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Naelewa hofu yao na Urusi, ni hofu ya kweli, ila waliochaguliwa kulipa ni mama aliyepo kliniki ya kijijini huku, ambaye hana kura London. Na Juni ya mwaka huohuo nchi za NATO zikakubaliana kwenda mpaka asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi ifikapo 2035, kwa hiyo hiki kisu bado kitakata.

Ndo maana bajeti ikisomwa Dodoma kila Juni kuna vitu viwili navisubiri kwa hamu kuliko bei ya soda na sigara: dawa za malaria na ARV tutazinunua kwa hela gani zetu wenyewe wafadhili wakiendelea kujaza stoo za makombora, na waya ukikatika tena pale Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, intaneti yetu itapitia wapi. Mbunge wako muulize hayo mawili, akujibu kwa tarakimu.