Matatu ziingie hadi mlangoni Miritini

Saa mbili za usiku hivi, treni ya Madaraka iliyoondoka Nairobi saa tisa alasiri husimama Miritini, stesheni ya Mombasa. Kilomita 472 zimekwisha kwa muda wa saa tano hivi. Milango hufunguka, na umati wenye mabegi, maboksi na watoto waliolala mabegani humwagika uwanjani kwa mkupuo mmoja. Kutoka hapo hadi kisiwani Mombasa ni kama kilomita 15. Nyali, Bamburi na Mtwapa ni mbele zaidi. Likoni ni ng'ambo ya maji. Kipande hiki kifupi ndicho kinachomtia abiria wasiwasi, kwa sababu ndicho kisicho na ratiba wala nauli anayoweza kuijua kabla hajatoka nyumbani.

Zamani haikuwa hivi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliingia hadi kisiwani, na stesheni yake iko mwisho wa barabara ya Haile Selassie, si mbali na Mwembe Tayari. Mtu alishuka, akajitwika mzigo wake, akawa mjini. Reli ya kisasa iliyozinduliwa Mei 2017 ilituletea mwendo wa kasi, lakini ikaishia Miritini, upande wa bara. Muda tuliouokoa njiani tunaurudisha kidogo kidogo kwa kutafuta usafiri wa kutufikisha nyumbani.

Swali ninalolipima hapa ni hili: je, matatu zipewe kituo rasmi ndani ya uwanja wa stesheni, karibu na mlango wa kutokea, chenye njia, nauli na saa zinazojulikana? Au tuendelee na mtindo wa mwenye kupata apate, teksi na tuktuk zikibeba wenye uwezo na wengine wakijitafutia? Mimi naona kituo kiwepo. Lakini wanaosita wana hoja, na baadhi ya hoja hizo ni nzito kuliko tunavyokubali sisi tunaopanda matatu kila siku.

Ya kwanza ni utulivu. Yeyote aliyewahi kushukia steji ya Mwembe Tayari na begi mkononi anajua yale mambo: manamba watatu wanakuvuta pande tatu, mmoja ameshika begi, mwingine amemshika mtoto, na wote wanakuhakikishia kwamba gari lao ndilo linaloondoka sasa hivi. Katika vurugu kama hiyo ndipo simu hupotea. Stesheni ya Miritini ni mahali ambapo abiria hukaguliwa, mizigo hupitishwa kwenye mashine, na mgeni aliyekuja likizo huiona Mombasa kwa mara ya kwanza. Anayelinda mahali kama hapo ana haki ya kuogopa kuzihamishia huko tabia za steji. Simlaumu.

Ya pili ni hesabu ya biashara, na hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Matatu huishi kwa mizunguko. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, mafuta yake, na cha kwenda nacho nyumbani. Treni za abiria kutoka Nairobi huingia Miritini mara tatu tu kwa siku: ile ya vituo vingi, inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi, hufika mchana, ile ya alasiri hufika usiku, na ile inayotoka saa nne usiku hufika alfajiri mbichi, kama saa tisa na nusu. Kati ya treni moja na nyingine uwanja ni mtupu. Ukimwambia dereva akae hapo kutwa akingoja, umemwambia alale njaa. Ndiyo maana gari lililokwisha kupata abiria barabara kuu halioni sababu ya kukunja kona kuingia stesheni.

Ya tatu ni riziki ya wenye teksi na tuktuk. Kuna watu waliochukua mkopo wa tuktuk kwa sababu treni ilikuja. Matatu zikipanga foleni mlangoni, sehemu ya wateja wao itaondoka. Mombasa haijasahau jinsi amri ya kusafirisha makontena kwa reli ilivyowatikisa wenye malori, makuli na wauza chakula wa kandokando ya barabara. Mji huu una kidonda na neno “mageuzi ya uchukuzi”, na mpango wowote usiomtazama mwenye chombo kidogo utapingwa, tena kwa haki.

Nikizipima hoja hizi tatu, ya kwanza naona inaelemea upande usio wake. Vurugu hailetwi na matatu kuwa karibu na mlango. Huletwa na matatu kutokuwa na mahali pake. Gari lisilojua foleni yake hugombania mteja. Gari lenye nambari yake kwenye foleni halina sababu ya kumvuta mtu mkono. Tulipata ushahidi wa hili zamani. Kabla ya kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, kuanza kutumika Februari 2004, watu wengi waliapa kwamba matatu za Kenya hazitatii mtu. Zikaja mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano ubavuni, na kwa muda mji mzima ukashangaa kuona makanga amevaa sare. Kanuni zile zililegea baadaye kwa sababu usimamizi ulilegea, lakini hakuna tena anayeweza kusema kwamba haiwezekani.

Tena usalama una sura mbili. Anayelinda uwanja humfikiria mtu mbaya anayeweza kuingia. Ni vizuri amfikirie pia mama aliyetoka nje ya uwanja huo na begi lake, usiku, akielekea barabara kuu inayopita malori ya bandari. Gari likiwa ndani penye taa na mlinzi, huyu mama amelindwa. Likiwa nje gizani, tumeihamisha hatari tu, na tumemhamishia asiye na pesa ya teksi.

Hoja ya pili, ya hesabu, siwezi kuiondoa kwa maneno. Inahitaji mpango. Kuondoka na kufika ni mambo mawili tofauti, nasi tumezoea kuyazungumza kama jambo moja. Wanaokwenda kupanda treni hutoka nyumbani kwa saa zisizolingana. Mmoja anakuja saa mbili kabla, mwingine anakimbilia dakika za mwisho. Hao matatu za kawaida za upande wa Jomvu na Miritini zinaweza kuwabeba, mradi baadhi yake zipinde hadi stesheni badala ya kuwashusha barabarani. Wanaofika, kinyume chake, hutoka kama wimbi. Treni ikijaa hubeba zaidi ya watu 1,200. Tuseme 300 kati yao wanataka matatu. Hao ni kama nissan 22 za viti 14, au mabasi madogo kumi ya viti 33, yote yahitajike ndani ya nusu saa, kisha yasihitajike tena kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni magari yenye zamu, yaani yanayofanya mizunguko yao ya kawaida mjini na kuja Miritini treni inapokaribia. Dereva haji kubahatisha; anajua treni imepita Mariakani, na anajua yeye ni wa ngapi kwenye foleni. Vyama vya matatu vipo, na kila gari ni lazima liwe chini ya chama au kampuni ndipo lipate leseni. Chama kinaweza kupanga zamu kama kinavyopanga mambo mengine. Ninachokataa ni ule wepesi wa kumpa kampuni moja uwanja mzima kwa kandarasi. Mabasi yake yatakuwa safi kwa mwaka mmoja, nauli itapanda mwaka wa pili, na mwenye nissan wa Changamwe atabaki nje ya ukuta akitazama.

Kuhusu wenye teksi na tuktuk, sioni kwamba watakosa kazi. Anayekwenda mahali pasipopita matatu bado atawahitaji. Mwenye mizigo minne na mzee asiyeweza kupanda ngazi za gari hali kadhalika. Tuktuk ina faida yake hasa kwa safari za karibu, Mikindani, Jomvu, Changamwe. Itakayopungua ni ile safari ya kulazimishwa, ambapo mtu anapanda chombo cha bei kubwa kwa kukosa kingine. Hiyo ni pesa ya dhiki, na hata mwenye tuktuk mwenyewe, dada yake akiwa ndiye abiria, asingependa ailipe.

Wapo wanaosema tusijisumbue na matatu kwa kuwa dawa ni reli: ile ya zamani ifufuliwe, iunganishwe na Miritini, na treni ndogo impeleke abiria hadi stesheni ya kisiwani. Nairobi wana mfano wake. Anayeshuka kituo cha Syokimau hupata treni ya kumwingiza katikati ya jiji bila kugusa msongamano wa barabara ya Mombasa. Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Reli hiyo ingemwokoa mtu na foleni ya Changamwe na Makupa, na ingekipa kisiwa uhai. Ila tuangalie ramani. Reli ya kisiwani inamfaa anayekwenda kisiwani. Wa Bamburi akishafika mwisho wa Haile Selassie bado ana daraja la Nyali mbele yake. Wa Likoni bado ana feri. Wa Mazeras, aliyeko upande mwingine kabisa, angekuwa anarudishwa nyuma. Mombasa imetanuka kuelekea kaskazini, kusini na bara, na watu wengi wa kipato cha chini wanaishi huko nje ya kisiwa. Treni ndogo na matatu havishindani.

Upande wa kusini hasa ndiko ninakoona nafasi iliyolala. Kwa miaka mingi anayetoka Miritini kwenda Ukunda hakuwa na namna ila kuingia kisiwani, kusubiri feri Likoni, kisha kuanza upya ng'ambo. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja yake ya Mwache na Mteza, inaanzia pale pale Miritini na kumfikisha mtu Kusini Pwani bila kugusa maji. Matatu ya moja kwa moja kutoka mlango wa stesheni hadi Ukunda, kwa saa za treni, ingekuwa na abiria: wafanyakazi wa hoteli za Diani, wanafunzi, wageni, na watu wa Kwale wanaorudi kwao. Ningeanza na njia hii kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu haimnyang'anyi mtu mteja wake wa sasa.

Kinachochelewesha, kwa maoni yangu, ni wingi wa wenye nyumba. Uwanja ni wa Shirika la Reli, ambalo ni la serikali kuu. Barabara kuu iko chini ya mamlaka ya barabara kuu za taifa, KeNHA. Leseni za magari ya abiria hutolewa na mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti usafiri wa umma barabarani, maegesho, na hata taa za barabarani. Abiria mmoja, kutoka behewani hadi kwake, anapita mikononi mwa ofisi nne, na kila moja inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba tatizo linaanzia kwa jirani. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapa. Kinachohitajika ni Shirika la Reli na Kaunti ya Mombasa kukaa meza moja na kutia saini jambo dogo: sehemu hii ya uwanja, kuanzia mstari huu, ni kituo cha magari ya umma, kaunti itakisimamia, reli itaweka taa, maji na paa, na kibao cha nauli kitasimama mahali kila mtu atakisoma kabla hajapanda.

Tangu Januari 2024 tikiti ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, kutoka 1,000. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni pesa ya kufikiriwa kwa wiki kadhaa. Anayelipa hivyo amekwisha jitahidi kufika Miritini, na tungempunguzia mzigo kwa kumwonyesha gari la nauli anayoijua.

Inabaki treni ya alfajiri, na hapa nakiri kwamba hata mpango wangu una pengo. Saa tisa na nusu usiku magari ya zamu yatakuwa machache, na sitamwambia dereva aliyefunga kazi saa nne aamke kwa ajili ya abiria kumi. Kwa treni hiyo naomba vitu viwili: basi moja la Nyali na Mtwapa na jingine la Likoni yawepo kwa uhakika, na asiyeyapata aachwe akae ndani ya ukumbi, kwenye kiti na chini ya taa, mpaka kupambazuke na matatu za kwanza zianze kupita.