Meseji za kukumbusha chanjo ya mafua, hapa Tanga tuanzie wapi?

Wenzetu Marekani na Uingereza baridi ikikaribia watu wanatumiwa meseji kwenye simu, kachanje mafua. Na hapa Tanga kuna watu wanauliza sisi tunashindwa nini wakati simu ziko kila nyumba, kuanzia Ngamiani mpaka huko Pongwe. Mi naona swali ni zuri ila jibu lake sio jepesi kama linavyosemwa.

Kwanza niseme wazi kwamba meseji zinafanya kazi, hilo tusibishane. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, akiwemo Katherine Milkman, walichukua wagonjwa zaidi ya 47,000 ambao tayari walikuwa na miadi ya kumuona daktari wakajaribu aina 19 za meseji, na kwa wastani waliochanja wakaongezeka kama watu 2 kwenye kila 100. Meseji iliyofanya vizuri kuliko zote ilimwambia mtu tu kwamba kuna chanjo imetengwa kwa ajili yake, basi, hiyo ikaongeza karibu watu 5 kwa 100. Wakarudia kwa wateja wa famasi za Walmart, yale maduka makubwa ya Marekani, watu karibu laki 7, wastani ukatoka uleule wa 2 kwa 100 na iliyoongoza ilikuwa inasema chanjo yako inakusubiri.

Wapo wanaosema 2 kwa 100 ni kidogo mno. Mi nakataa, kwasababu gharama ya meseji ni ndogo sana na ukizituma kwa watu laki moja hao ni watu elfu 2 wamepata kinga, na Shirika la Afya Duniani linakadiria flu, yaani haya mafua yenyewe, inaua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani. Huo sio ugonjwa wa kuuchukulia poa.

Lakini sasa angalia waliotumiwa ni nani. Ni watu wenye miadi tayari au wateja wa famasi, chanjo iko kwenye friji palepale na wengi bima inalipa, yaani kilichokuwa kinawazuia ni kusahau au kuahirisha, na meseji dawa yake ndo hiyo. Huku kwetu chanjo ya mafua haipo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki, wanaoijua wengi ni mahujaji na wasafiri au mtu aliyeenda hospitali binafsi akalipa mwenyewe. Ukimtumia bibi wa Makorora meseji akachanje, akapanda bodaboda akafika zahanati akaambiwa hatuna, umempotezea nauli na siku nyingine ukimtumia ya kitu kingine hata haji. Hilo ndo linaloniuma zaidi kwenye hii mipango ya haraka haraka.

Halafu nauli. Kenya, kule Siaya, walifanya utafiti uliotoka 2017 kwa watoto wachanga wa vijiji 152. Wasiotumiwa kitu waliokamilisha chanjo walikuwa 82 kwa 100, waliotumiwa meseji peke yake 86, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuweza kuithibitisha, ila waliotumiwa meseji pamoja na shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyochomwa kwa wakati walifika 90 na hapo ndo tofauti ikaonekana kweli. Marekani walipojaribu kuongeza usafiri wa bure juu ya meseji za chanjo ya Korona haikusaidia chochote. Kwahiyo ukisoma utafiti wa kule ukaunakili kama ulivyo hapa utakosea kabisa, maana mtu wa kijijini Mkinga au Pangani kinachomkwamisha sio kile kinachomkwamisha mtu wa Philadelphia, Marekani.

Kuna na ishu ya kuaminika. Simu zetu zimejaa meseji za ile hela itume kwenye namba hii, watu wameibiwa, sasa ikija namba ngeni inakwambia njoo uchomwe sindano unategemea nini? Tena baada ya maneno yote yaliyozunguka kipindi cha Korona. Na wazee, ambao flu inawaumiza zaidi, wengi wana viswaswadu na meseji anasomewa na mjukuu akirudi shule, kama atakumbuka.

Wanaosema Watanzania hawajali meseji za afya nao wanakosea. Kampeni ya meseji za afya ya uzazi, Wazazi Nipendeni, ilianza 2012, mama mjamzito alikuwa anatuma neno kwenda 15001 bure na anaanza kupokea ushauri, watu wakajiunga kwa wingi. Pale mtu anajiandikisha mwenyewe, anajua nani anamtumia na kwanini, mi naamini siri kubwa ilikuwa hapo.

Kwa msimamo wangu mimi tuanze na kliniki za watoto. Mkoa wa Tanga ulikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kuweka kumbukumbu za chanjo za watoto kwenye mfumo wa kielektroniki, kwahiyo tarehe ya chanjo ya mtoto inajulikana, namba ya mzazi inaweza kuchukuliwa hapohapo, na chanjo yenyewe ni bure. Meseji za mafua zije baada ya chanjo kuwepo kwanza vituoni kwa wajawazito, wazee, wenye pumu na kisukari, na wahudumu wa afya wenyewe. Na muda wa kutuma uangaliwe upya kwasababu huku hatuna msimu mmoja wa baridi kama Ulaya, flu inazunguka karibu mwaka mzima, na chanjo inachukua kama wiki 2 mpaka kinga ikae sawa.

Na siku hiyo ikifika meseji itaje jina la zahanati, siku gani, ni bure au shilingi ngapi, na iwe na namba ya kupiga ambayo inapokelewa na nesi wa palepale, kwasababu mtu mwenye mashaka anataka kuuliza, na meseji haiwezi kumjibu.