Mavyaa na Jembe

Mlango wa kabati langu ulikuwa haufungi tangu Ramadhani. Niliuzuia kwa kamba ya pazia, mpaka Jumamosi moja asubuhi mwanangu akaifungua akitafuta kaptura ya mpira, na rundo zima la leso, yaani kanga, likamporomokea. "Mama, nimezikwa!"

Nikaketi kitandani nikahesabu. Pea 31. Ninazovaa ni nne, na hizo nne zishapauka. Lakini wafanyaje? Ukiolewa waletewa leso, ukijifungua leso, ukienda Biashara Street kununua uzi wa cherehani warudi na leso, uzi umesahau. Nyingi hata hazijakatwa, bado zina ule wanga wa dukani, kavu kama karatasi. Na kwa unyevu huu wetu wa Mombasa, nguo isiyovaliwa huota ukungu hata uifukize udi wa sultani.

Nikakata shauri: leso ambayo haijakatwa, itoke, watu wakavae. Nikazifunga kwa magazeti (mifuko ya nailoni tulipigwa marufuku tangu 2017), kila moja na kifurushi chake, nikamtuma kijana agawe. Nilichagua kwa rangi. Mavyaa, mamake mume wangu, apenda zambarau, wifi apenda manjano. Nikajiona mwerevu kweli kweli.

Nilichosahau, mimi niliyezaliwa na kulelewa hapa, ni kwamba leso ina jina. Pindo na mji ni mapambo tu. Leso ni yale maneno.

Mavyaa mwenyewe alikuwa kwetu. Alishuka basi la Lamu siku ya Alhamisi. Sasa hesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikampa kifurushi chake kwa mikono miwili. Akakifungua taratibu, akatandaza leso mapajani, akavaa miwani, akasoma huku midomo yamcheza.

MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE.

Hakusema neno. Akaikunja mara nne, akaikunja tena, akavua miwani, akamwita mume wangu.

"Mwanangu, jembe li wapi?"

"Jembe la nini, mama?"

"Si nimeambiwa nikalime? Mimi ni mgeni mwenye adabu. Ila nioneshe shamba, maana hapa naona ni ghorofa ya tatu."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Baada ya saa moja nilimkuta mavyaa roshani, amejitanda, achimbua udongo wa kopo langu la mrehani kwa kijiko cha chai.

Kabla sijapata maneno ya kuomba radhi, bodaboda akaleta bahasha kutoka kwa wifi. Ndani mlikuwa na bangili yangu, ile aliyoiazima harusi ya mwaka jana, bila salamu wala barua. Nikapiga simu mbio. "Wifi, ile leso imeandikwaje?" Akanisomea kwa sauti ya baridi: "Nilikudhani dhahabu, kumbe adhabu." Niliapa, nililia, nilijieleza. Bangili sikurudisha.

Mama Saumu wa mlango wa pili hakupiga simu. Yeye alianika. Yeye ndiye huamsha jengo zima kila alfajiri akiwaita wanawe waende shule, nami nikamletea KELELE ZA CHURA HAZIMZUII NG'OMBE KUNYWA MAJI. Alasiri nikaona kamba yake ina leso moja tu, imetandazwa ikaelekezwa dirisha langu la jikoni: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Ilikuwa kavu. Haikufuliwa hata kidogo.

Nikadhani yameisha. Magharibi akashuka jirani wa juu, mgeni kutoka bara, mwezi wake wa kwanza Mombasa, leso ameishika kama mtoto wa watu.

"Mama, asante sana, lakini siwezi kuichukua. Imeandikwa pembeni: Mali ya Abdulla. Huyo mzee akianza kuitafuta je?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni alama ya duka la Kaderdina, la miaka na miaka, na nusu ya wanawake wa pwani twavaa mali ya Abdulla. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole kama mume wangu ajua.

Jumatatu nikashuka Biashara Street kumtafutia mavyaa leso ya radhi. Safari hii sikutazama rangi. Nilisimama dukani nikisoma majina moja moja kwa sauti, muuzaji afungua, mimi nakataa. "Wema hauozi": atasema namhesabia wema. "Sisi sote abiria": atadhani namkatia tiketi ya kurudi Lamu. Pea ya kumi na mbili muuzaji akatua mikono mezani.

"Dada, kwani wamtafutia nani?"

"Mavyaa. Nilimpa ya jembe."

Akageuka akaita nyuma ya duka, "Ami! Njoo usikie!" Ami akaja na kikombe chake cha kahawa, nikahadithia upya, wateja wawili wakavuta viti.

Ami ndiye aliyekata kesi. Kwa mtu kama huyo, alisema, nunua kitenge. Kitenge hakina maneno.

Nikamletea kitenge cha zambarau, kizuri ajabu. Mavyaa akakitandaza mapajani, akavaa miwani. Akapitia ukingo wa juu, akapitia wa chini, akakigeuza ndani nje.

"Mbona hakikuandikwa kitu?" akaniuliza. "Umeninunia?"