Anayekukinga Mtandaoni Analipwa na Nani?

Novemba 2024, serikali ilipoamuru Telegram ifungwe wakati wa mtihani wa kidato cha nne, KCSE, VPN za bure, yaani programu zinazopitisha mtandao wako kwingine ili kukwepa kizuizi, zilienea hapa Kisumu kama njugu. Kila niliyemwona nayo kwenye simu nilimuuliza: hii ni ya nani? Wengi walijibu kwamba ni ya bure, kana kwamba hilo ndilo jina la mwenyewe.

Swali hilo linanikera kwa sababu programu ya kuzuia wafuatiliaji, yaani vipande vya programu vilivyofichwa kwenye tovuti vinavyorekodi unachofanya, mara nyingi huhitaji kuuona ukurasa ndipo iusafishe. Ukiiweka kwenye kivinjari cha Chrome cha kompyuta, mara nyingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako katika tovuti zote. VPN nayo hupitisha mawasiliano yako kwenye mitambo ya mwenyewe. Umemkabidhi mlinzi funguo zote, basi mshahara wake unakuhusu.

Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi iliyoanzia Jamhuri ya Czech, ilijitangaza kuwa inazuia wafuatiliaji. Wakati huohuo kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza historia ya kurasa ambazo watumiaji walitembelea. Fikiria mambo ambayo mtu huandika usiku akiwa peke yake: dalili za ugonjwa, deni, mimba. Jumpshot ilifungwa 2020, na 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaibana Avast ilipe dola milioni 16.5. Na Onavo je? Facebook iliinunua 2013, ikawapa watu VPN ya kuwalinda, kumbe kupitia humo iliona ni programu zipi zingine wanazotumia.

Sisemi tuache kujikinga. Wafuatiliaji wanakula bando letu na wanatujua kuliko majirani. Mimi naiamini uBlock Origin, programu ya kuzuia matangazo na wafuatiliaji: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na mwanzilishi wake, Raymond Hill, hapokei hata michango. Privacy Badger, nayo ya kuzuia wafuatiliaji, pia naikubali, maana EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni linaloitengeneza, linaishi kwa michango. Adblock Plus, programu ya kuzuia matangazo, tangu 2011 huruhusu baadhi ya matangazo, na kampuni kubwa huilipia nafasi hiyo. Siipendi biashara hiyo, lakini wameisema hadharani na unaweza kuizima, kwa hiyo siwaweki kundi moja na Avast.

Wengi wetu tunatumia simu tu, na Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo kama hizi zinazoongezwa kwenye kivinjari. Firefox inapokea, na uBlock Origin inafanya kazi humo vizuri.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwaje. Lakini utamuuliza nani, ikiwa mwenye programu hajulikani? Kwa hiyo fundi wako pale Kondele akitaka kukuwekea VPN, mwambie kwanza akuonyeshe jina la kampuni, nchi iliko na inapopata pesa. Akikosa hata kimoja, mwambie aiache.