Chupa moja kabla ya kisu, au vidonge vya siku saba?

Mwaka jana mke wa mdogo wangu alijifungua kwa operesheni hapa Goma. Ilikuwa usiku. Akiwa ameshalazwa mezani, muganga (huku hata muuguzi tunamwita hivyo) alitoka na karatasi ya dawa, akampa mdogo wangu, naye akarukia pikipiki kutafuta famasi iliyokuwa bado wazi. Alirudi na glavu, uzi, serumu na chupa mbili za seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Mtoto alikuwa ameshalia. Siku ya nne shemeji aliruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wa vidonge vya antibiotiki: mara tatu kwa siku, siku saba.

Usiku ule una pande zote mbili za ubishi ninaotaka kuupima. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayepasuliwa apewe antibiotiki kabla ya ngozi kukatwa, si baada ya kitovu cha mtoto kufungwa kama wengi walivyofanya zamani. Mwongozo wake wa mwaka 2016 juu ya vidonda vya operesheni unaongeza kwamba dawa hiyo ya kinga isiendelezwe operesheni ikiisha. Yaani chupa ya kabla ya kisu ni lazima, na ule mfuko wa siku saba hauna kazi.

Sababu yake inaeleweka. Bakteria wengi huingia tumbo likiwa wazi: wanatoka kwenye ngozi, ukeni, mikononi, kwenye vyombo. Dawa ikiwa imeshafika kwenye nyama kisu kinapopita, inawakuta wakiwa wachache. Ikija kesho yake, inawakuta wameshajenga.

Daktari mmoja niliyezungumza naye, mtu wa zamu za usiku, alinicheka kidogo. "Kaka, hao wanaoandika miongozo wana maji kwenye bomba." Hakuwa na utani. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano yanayomeza mvua, haina mto, na vitongoji vingi vinaishi kwa maji ya ziwa yanayobebwa kwa bidoni za njano. Umeme ukikatika, mashine ya kuchemshia vyombo inasimama. Wakati wa msongamano, akina mama wawili wanalala kitanda kimoja. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, ndege zikasimama na benki zikafunga milango, hata kupata dawa na pesa za kuinunulia kumekuwa safari. Katika hali hiyo, anasema, vidonge ndiyo bima yake. Mshono ukifumuka na kutoa usaha, familia itamuuliza yeye. Hakuna aliyewahi kumuuliza daktari kwa nini alitoa vidonge vingi.

Hoja hiyo naiheshimu, hasa sehemu ya mwisho, kwa sababu ni ya kweli na watu hawaisemi. Lakini majaribio ninayoyategemea hayakufanyika Uswisi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, Tanzania, wanawake 500 waliopasuliwa kwa dharura waligawanywa makundi mawili: wengine dozi moja ya antibiotiki mbili, gentamisini na metronidazoli, kabla ya operesheni, wengine dozi kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Walioambukizwa vidonda walikuwa asilimia 4.8 kwa dozi moja na asilimia 6.4 kwa dozi nyingi, tofauti ndogo inayoweza kuwa bahati tu. Maputo, Msumbiji, nako, katika utafiti wa mwaka 2003, wanawake 288 walilinganishwa: dozi moja kabla, au siku saba baada. Maambukizi hayakutofautiana, na ile dozi moja iligharimu chini ya sehemu moja ya kumi ya zile siku saba.

Tena vidonge havioshi koleo. Chombo ambacho hakikuchemshwa vizuri hakisafishiki kwa kidonge cha Alhamisi.

Kuna mwanamke mmoja ambaye hesabu hii haimhusu. Ni yule aliyefika baada ya siku mbili za uchungu, chupa ya uzazi imepasuka tangu juzi, ana homa na maji yananuka. Huyo hakingwi, anatibiwa, na anastahili dawa zake zote hadi apone. Nadhani ubishi mwingi unatoka hapo: tunamchukua yeye kuwa kipimo cha wote.

Wengine wanapoagizwa siku saba, tazama kinachotokea nyumbani. Shemeji alikunywa siku nne, akajisikia mzima, akaacha. Vilivyobaki mama mkwe wake alivifunga kwenye kipande cha plastiki akaviweka juu ya kabati, na mwezi uliofuata mtoto wa jirani alipokohoa vikapata mtu. Ndivyo dawa zinavyozoeleka kwa bakteria. Wembe pia ulikuwepo: usiku ule shangazi yake alimnyoa kavu kavu kabla hawajatoka nyumbani, kwa nia njema, ilhali wembe unaacha mikwaruzo midogo inayokaribisha vijidudu. Kuoga kwa sabuni kungetosha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka mfuko wa siku saba ufutwe kesho asubuhi. Ukifuta vidonge huku chupa ya kwanza bado iko famasi ya barabarani, umemwachia mama mikono mitupu. Shemeji hakupata ile dozi moja inayosifiwa. Alipata dozi iliyochelewa. Kwanza chupa ikae ndani ya chumba cha operesheni, ilipiwe baadaye, na saa iliyochomwa iandikwe. Kisha wauguzi wafuatilie mishono kwa siku 30, maana mingi hutoa usaha mama akiwa ameshafika kwake, na hospitali inabaki ikiamini haina tatizo. Vidonda vikihesabiwa, daktari wangu wa usiku atakuwa na cha kuijibu familia zaidi ya mfuko wa vidonge.

Shemeji ana mimba nyingine sasa. Juzi nilimkuta akipanga begi la kwenda kuzalia: vitenge, sabuni, kopo la chai, na katikati ya nguo za mtoto, chupa ya antibiotiki aliyoinunua mwenyewe mapema. "Safari hii," aliniambia, "hakuna wa kupanda pikipiki."