Rejeta ya Sebuleni

Julai ya Arusha haina mzaha. Hapa Sakina usiku unaweza kuvaa soksi, koti na shuka la Kimasai juu yake, na meno bado yakagongana. Basi Baba Mdogo alipopanga nyumba iliyojengwa na Mjerumani, yenye boila ya kuni ya kuchemsha maji na rejeta za chuma ukutani, ambamo maji hayo ya moto hupita kupasha vyumba, tuliringiwa ukoo mzima.

"Njoo na kaptula," akanipigia.

Nikakuta sebule ni friji. Mama Mdogo alishaivisha rejeta vitambaa vya kufuma, juu kapanga maua ya plastiki, mbele kasogeza kochi la watu watatu. Joto lote linapasha mgongo wa kochi.

Tukalivuta. Akanuna. Nikagusa rejeta: chini moto, juu baridi. Hiyo ni hewa, hupanda na kukaa juu, maji ya moto yakakosa nafasi. Unazima pampu inayosukuma maji, unaacha vipoe, unalegeza kiskrubu cha juu pembeni kwa ufunguo wake, nusu mzunguko tu. Hewa ikiisha na maji yakianza kudondoka, unafunga. Kikombe na kitambaa vinatosha.

Baba Mdogo alikuwa tayari na plaizi.

"Baba, ngoja nizime pampu..."

"Nimeendesha malori mpaka nimeota mvi, wewe unifundishe rejeta?"

Akazungusha. Ssssss! Akatabasamu, akazungusha tena. Kiskrubu kikaruka, kikapotelea chini ya kochi, na maji yakafuata. Meusi tii! Kutu ya chuma ilijikusanyia humo miaka na miaka. Yakapiga vitambaa, yakapiga ukuta wa krimu, yakampiga usoni Mama Mdogo aliyekuwa anatuletea chai ya tangawizi. Bahati yalikuwa ya uvuguvugu.

Baba Mdogo akaziba kwa kidole gumba. Sasa hewa imetoka, moto umepanda juu kama inavyotakiwa.

"Uwiii!" Akaachia. Akaziba. Akaachia.

Mimi nikajitupa chini, nikafunga koki zote mbili za rejeta, kulia na kushoto. Kimya. Mama Mdogo akaenda bafuni kunawa, akafungua bomba: limekauka. Mgao, tangu asubuhi.

Akachukua ndoo, akatoka vilevile alivyo. Jirani akamkuta getini, akashika kifua.

"Mama Neema! Mmeunguliwa na nyumba?"

"Hapana, jirani," akajibu. "Baba Neema anaipasha."